Moyo Wangu wa Alhamisi

Mwanangu Miodrag,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku wote wazima: mimi, kuku, na yule mbuzi mkorofi. Je, wewe hujambo? Mkeo Tijana hajambo? Wajukuu zangu wanakula, au bado mnawalisha majani kama sungura? Mwandiko usiushangae. Shule niliiona kwa nje tu, hivyo mimi nasema, mwingine anaandika. Kwa simu sitaki, na sababu utaipata humu humu.

Nasikia unakuja Jumamosi na gari kunihamishia kwako mjini Novi Sad, eti bangili ya hospitali inakuonyesha moyo wangu unaruka kila Alhamisi jioni. Mwanangu, huko ghorofa ya saba nitafuga nini, lifti? Tulia kwanza unisikilize.

Bangili hii hupeleka mapigo yangu kwa muuguzi Slavica na kwenye simu yako. Slavica aliniambia nichague namba ya siri ya kuyafungulia kwenye simu, nisiyoweza kuisahau. Nikachagua sikukuu ya slava yetu, tarehe kumi na tisa Desemba. Nani amsahau mtakatifu wa nyumba yake? Kumbe na kijiji kizima hakisahau, maana kila mwaka siku hiyo wanakuja kula kwangu mpaka wanalegeza mikanda!

Jirani yangu Stanojka ndiye aliyeanza kuchungulia, kwa simu ya mkwewe. Mimi sina habari. Naingia dukani kununua chumvi, ananiambia mbele za watu, “Vido, dada, jana jioni umefika mia na thelathini! Ulikuwa unapasua kuni?” Mwenye duka akadakia kwamba kuni hazipasuliwi kila Alhamisi saa ile ile. Hata padri, baada ya ibada, akaniuliza kwa upole mbona Jumanne usiku nilihangaika kitandani. Padri! Nikamwambia ilikuwa kabichi, na Mungu ni shahidi.

Nikamwendea Slavica moto moto, nikamwambia mwili wangu umekuwa taarifa ya habari. Maskini alitahayari, akaniomba radhi, akasema tarehe anayoijua jirani haiwezi kuwa siri. Tukabadilisha namba palepale. Stanojka naye nilimpa lake: mapigo yangu si bakuli la ajvar ya pilipili, kila apitaye achovye mkate.

Sasa, mwanangu, kaa chini. Moyo wangu hauumwi. Slavica ameupima, anasema ni mzima kama wa punda. Alhamisi jioni huja Ratomir, yule mgane mfuga nyuki, tukacheza karata. Ndiyo hivyo. Baba yako nimemlilia vya kutosha, na angekuwepo angenikemea ninyamaze. Ratomir ameniomba tuoane, nami nimekubali. Kwa hiyo Jumamosi njoo na gari, ila ulete suti, masanduku yaache huko huko.

Namba mpya ni siku Ratomir alipokuja kunitengenezea jiko mara ya kwanza. Ni salama kabisa, maana hata yeye haikumbuki. Nimemuuliza sasa hivi, ameweka kalamu chini akakuna kichwa.

Ndiyo, mwandiko ni wake. Mistari ikianza kupinda hapa mwishoni, usimcheke. Yeye hana bangili, karatasi ndiyo inayomsema.

Wabusu wajukuu mara tatu tatu kwa niaba yangu. Nawe nakubusu, hata kama umenuna.

Mama yako,
Vidosava