Aliyeunda Mkokoteni Ule

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Kolandoto hatujambo, mbuzi wako amezaa mapacha, na magoti ya babu yako yana nafuu. Ila swali lako limenikera. Eti babu aliundaje ule mkokoteni wa uani? Nani kakwambia ni babu?

Nilikuwa msichana machimboni Geita. Sisi wanawake tuliponda mawe, na tuliyabeba kichwani kutoka kwa wachimbaji. Shingo ilipochoka nikaokota magurudumu ya pikipiki mbovu, fremu ya kitanda cha chuma na nondo nene, nikaunga mkokoteni. Wachimbaji wakanizuia nisiufikishe kwenye duara, shimo lao, maana eti mwanamke akilisogelea, dhahabu hukimbia. Nikauacha mbali.

Kesho yake nikawakuta wanausukuma wenyewe mpaka mdomoni mwa shimo, babu yako akiwa mbele.

"Mkokoteni hauna mwiko," akaniambia.

Kumbe mwiko nilikuwa mimi, kazi ya mikono yangu ilikuwa halali. Tangu siku hiyo ukaitwa mkokoteni wa Masanja, babu yako. Hata baada ya kunioa, bado unaitwa hivyo, naye hajawahi kumsahihisha mtu.

Ukija likizo, mwombe ausukume. Utaona anavyojikunja kama anayetafuta sindano mchangani. Mpini ule niliukata mimi, nikaupima kwenye kiuno changu. Tangu machimboni sijaona mwanamume aliyeusukuma akiwa amesimama wima.

Ni mimi bibi yako, fundi.