Nyumba Haipakwi Chokaa

Jumatano, Ikungi

Nimekataa, na nimekataa mbele ya watu.

Jumamosi wakwe wa binti yangu wanaleta mahari, na shemeji alijitolea kuchoma chokaa tupake nyumba. Leo nimemkuta na vijana wake wa kazi kwenye pango la nyuma ya shamba, anavunja kwa nyundo mawe ya chokaa, yaleyale wanamojificha konokono wadogo wa kahawia. Nimewatafuta katika mapango mengine yote ya huku. Wako hapo tu.

"Konokono hata hawaliwi, shemeji," akacheka. "Wageni wakikuta nyumba ya udongo, uso utauweka wapi?"

Nilikata matawi ya miiba nikaziba mlango wa pango, kama tunavyofunga zizi jioni. Kwetu miiba huiondoa yule aliyeiweka tu. Alisimama, akaitazama, akabeba nyundo yake akaenda zake.

Naogopa, sikatai. Wakwe wakinuna, maneno atayasikia mwanangu, si mimi.

Lakini kesho nachanganya udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe, naipaka nyumba kwa mikono yangu. Mkwe akiuliza kwa nini si nyeupe, nitampeleka pangoni awachungulie konokono kutoka nje. Miiba sitaiondoa hata kwa ajili yake.