Pinda Kwa Bi Tausi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika Ifakara, marahaba sana. Sisi wazima. Mpunga umeshaingia ndani, na babu yako anakohoa kidogo, lakini nguvu za kugombana na kuku bado anazo.

Umeniuliza kama sitaumia nyumba yetu ikibomolewa kupisha barabara. Ngoja nikwambie. Nilipokuja huku mara ya kwanza, msichana kutoka Mahenge, namtafuta shangazi yangu, nilielekezwa hivi: "Shuka na kichochoro hiki, ukifika kwa Bi Tausi pinda kulia." Nikashuka na kikapu kichwani, nyumba siioni, naona majani na mafiga ya zamani tu. Nikarudi juu, nikashuka tena. Mama mmoja aliyekuwa akitwanga akacheka mpaka akaweka mchi chini: "We binti, si unapakanyaga! Hapo ndipo kwa Bi Tausi!"

Kumbe Bi Tausi, mama wa pwani, alishafariki, na nyumba yake ya udongo ilibebwa na mafuriko. Lakini nani kichochoroni hakuwahi kunywa maji ya mtungi wake? Basi jina likabaki. Leo pamejengwa fremu za maduka, na watu bado wanapinda kwa Bi Tausi.

Juzi nimemsikia kijana wa bodaboda, hata simjui, akisema kwenye simu: "Nisubiri hapo kwa Bibi Felista."

Waache wabomoe, mjukuu wangu. Mimi nimeshajengewa.

Bibi yako,
Felista