Chumvi Kwenye Hori ya Karembo

Kaka yangu Nyaga,

Sijui uko wapi. Wengine wanasema Maua, unapakia miraa, wengine wanasema Isiolo. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi na kuituma kwa wanachama wote wa ushirika wetu wa maziwa hapa Kianjokoma. Itakufikia tu. Na wale waliompiga jirani yetu Mugendi nataka waisome pia.

Unakumbuka siku Karembo alipozaliwa? Mvua inanyesha, daktari wa mifugo hashiki simu, na ndama amekwama, miguu tu ndiyo imetokeza. Ulivua shati, ukaifunga kamba miguu ile, ukaniambia, "Wanja, vuta wakati mama yake anasukuma, si kama mwenda wazimu." Tulivuta mpaka viganja vikachubuka. Alipotoka ulimpangusa pua kwa shati lako ukicheka, na siku hiyo nilikupenda kuliko watu wote.

Alikuwa na roho mbaya yule ng'ombe. Alimvunja mume wangu ubavu kwa teke moja. Watu wawili tu waliweza kumkama, mimi na wewe, na wewe ulikuwa na ujanja wako: chumvi ya ng'ombe kiganjani, kisha nyingine kwenye hori, alambe huku ukimfunga miguu.

Kisha likaja hili la kato la lazima. Kila lita tunayopeleka ikatwe kitu kidogo kiende kwa chama cha wafugaji wa nchi nzima, utake usitake. Siku ya mkutano ulisimama mbele ya mashine ya kupoza maziwa, mishipa ya shingo imekutoka.

"Hao watu wa Nairobi ng'ombe wao ziko wapi? Mimi naamka kukama, wao wanavaa suti. Mwenye anataka kulipa alipe. Mimi wasinishike kwa nguvu."

Nikakujibu, "Si ni wewe ulikuwa unamwaga maziwa kwa mtaro kabla hiyo chama ituletee hii mashine? Ikiwa ni ya kupenda, nani atalipa?"

Watu walicheka. Wewe ulinitazama mimi tu.

Tulipoinua mikono, upande wangu ukashinda. Jiwe la kwanza lilimpata karani mdomoni, akatema meno. Mikebe ikarushwa, watu wakateleza na kupigana ndani ya maziwa mpaka yakabadilika rangi kwa damu. Mimi nilipasuliwa juu ya jicho na mfuniko wa mkebe. Nilikutafuta unishike mkono unitoe pale, kama ulivyozoea. Ulikuwa umeshaondoka.

Nilifika nyumbani nikamkuta Karembo ameketi kama mbwa. Miguu yote miwili ya nyuma ilikuwa imekatwa kwa panga hadi kwenye mfupa, na bado alikuwa akijaribu kusimama. Salim wa bucha alikuja kwa pikipiki kutoka Runyenjes. Akamwangalia, akasema, "Mama, huyu hawezi pona. Wacha nimchinje." Kichwa nilikishika mimi mwenyewe.

Wakati huo vijana wa upande wangu walikuwa wameshasikia ya Karembo, wakamkuta Mugendi njiani akiwa na panga. Naye alikuwa amelipinga kato mkutanoni. Hawakumuuliza kitu. Walimpiga kwa rungu na vyuma mpaka mkono ukaning'inia na jicho likapasuka, naye analia, "Ni nyasi nilikuwa naenda kukata, woi, ni nyasi." Sasa yuko hospitali, amefungwa pingu kitandani, eti ndiye aliyemkata Karembo. Mkewe huja kwangu kila asubuhi, anakaa mlangoni.

Nyaga, Mugendi angemkaribia Karembo angeng'olewa meno. Kwenye hori kulikuwa na chumvi. Miguuni kulikuwa na kamba, imefungwa kwa fundo lako lile lile. Alisimama akilamba, akingoja umkame.

Nakuchukia kwa ajili ya hiyo chumvi. Ungemkata ukimkimbiza shambani ningesema ni hasira, nawe kwa hasira nakujua. Nimekulilia, nimekutukana, nimeota nikikufuata na panga hilo hilo. Kisha naamka na kusikiliza kama umeshaingia zizini, kwa sababu nimezoea kukusikia ukikohoa pale. Watoto wakiuliza mjomba yuko wapi, natoka nje.

Lakini Mugendi hatafungwa kwa ajili yako. Na nyinyi mliompasua jicho mkidhani mnanitetea, majina yenu pia nayajua. Nikishatuma barua hii nakwenda kwa polisi na ile kamba, fundo lako sijalifungua. Rudi useme mwenyewe, au kaa huko huko. Nimeshakutaja.

Ndama wa Karembo yupo, jike, amefanana na mama yake hadi doa la usoni. Juzi nilimpa chumvi kiganjani, akalamba na kunifuata hadi jikoni. Tangu hapo simpi tena. Nataka akue akimpiga teke kila mtu, hata mimi.

Dada yako uliyemfundisha kukama,
Wanja