Mjeledi Umelia Ekerenyo

Ekerenyo, Nyamira
Jumatatu, kabla ya uji

Kwako rafiki yangu Nyasani,

Bwakire, mzee. Pokea salamu zetu sote, kuanzia mke wangu Bochaberi hadi kuku wake, maana siku hizi ukimsalimu mmoja umewasalimu wote. Mimi ni mzima isipokuwa sikio moja, na habari za sikio utazipata huko mbele. Wewe je? Mkono wa kulia umeanza kukumbuka kazi yake? Na ulimi? Binti yako Linet aliniambia kwa simu kwamba maneno bado hayajarudi, ila unakula vizuri na ukinyimwa chumvi unanuna. Nikamshukuru Mungu. Mtu anayenuna bado yupo.

Nakuandikia Kiswahili si kwa maringo. Najua atakayekusomea ni mkwe wako, mume wa Linet, na Ekegusii cha mkwe wako kinaishia kwenye hiyo bwakire. Mimi nami shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, kwa hiyo akikuta sarufi imevunjika mguu aifunge kitambaa waendelee. Mkwe, salamu zako. Najua si heshima kumsomea baba mkwe maneno ya mizaha. Ukifika penye aibu, tazama dirishani kwanza, halafu usome.

Sasa kaa vizuri kitini. Diwani na Karani, maksai wako, wamelima. Wamelima shamba lote la bondeni, kuanzia kwenye migomba ya mpakani hadi kijitoni, na aliyewaendesha ni mimi Anyona, mtu ambaye siku zote ulisema siwezi kuswaga hata kifaranga akaingia bandani.

Ngoja nianze mwanzo. Ulipoanguka ukapelekwa hospitali, na Linet akakuchukua huko Nakuru, hakuna aliyekueleza mambo ya zizini, eti usishtuliwe. Mimi nakushtua. Maksai wako waligoma. Mwanao Ratemo aliwafunga nira akawapigia kelele, hawakutikisika. Akaja na fimbo, Diwani akalala chini, akacheua, akamtazama jinsi madiwani wanavyotutazama uchaguzi ukiisha. Akaleta vijana wa bodaboda wakawasukuma kwa nyuma, na Karani akawajibu kwa nyuma. Ratemo si mtoto mbaya, unamjua, ila subira hakurithi kwako. Mvua ilikuwa inakaribia. Akasema atakodi trekta, na hao wawili wataenda kwa mwenye bucha, maana maksai asiyelima ni nyama inayokula majani bure.

Nilimwomba angoje, akakataa. Nikamwambia neno fulani, akangoja. Usiniulize sasa ni neno gani, nitafika. Akasema sawa, lakini mvua ikishakaa sawasawa kabla hawajalima, neno au si neno, wataondoka.

Wewe unajua na mimi najua kwamba wanyama hao wanasikia kitu kimoja tu, mlio wa mjeledi wako. Maisha yao yote hukuwagusa nao. Ulikuwa ukiupasua hewani juu ya pembe zao, paa, nao wanaondoka. Na hukumfundisha mtu, bahili wewe. Tukikuuliza ulisema ni kipaji. Sasa kipaji kilikuwa Nakuru kinalishwa uji kwa kijiko, na huku kamba ya bucha inanyooshwa. Nikaingia ghalani kwako nikauteremsha mjeledi. Ulikuwa umekauka kama mkia wa mbuzi wa sikukuu ya mwaka juzi. Nikaupaka mafuta nusu mkebe, yale ambayo Bochaberi hujipaka akienda kanisani, na Sabato iliyofuata akaniuliza kwa upole wa kutisha ni nani kati yetu mwenye ngozi ya ng'ombe.

Kisha nikatafuta mwalimu. Ile simu ya kupapasa ambayo wanangu walininunulia ili nione sura za wajukuu, kumbe ndani yake mna mzungu wa kofia pana anayefundisha watu kupasua mjeledi, na anafundisha bure. Amesimama kwenye nyasi kavu, nyuma yake farasi anakula, naye anaongea polepole kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Bochaberi alipomwona aliuliza kama huyo ana mke. Nikamwambia bila shaka hana.

Kiingereza chake nilikishika kwa ncha za vidole. Alisema tuvae miwani. Nikavaa ya Bochaberi ya kusomea Biblia, dunia yote ikanijia puani. Alisema tusimame mbali na watu. Nikaenda nyuma ya majani chai, kwenye migomba, nikarusha kama yeye. Yeye wake unasema paa. Wangu ukasema fyuu, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Nikarusha tena, ukanizunguka shingoni. Mara ukaniletea jani la mgomba, mara ukaniletea kofia yangu vipande viwili, na siku moja ukaniuma sikio hili nililokuambia, nikaimba wimbo usiokuwemo katika kitabu chochote cha nyimbo. Bochaberi akatoka jikoni akaniambia kwamba kama nimechoka kuishi, kuna njia zisizoharibu migomba.

Nikazidi kupiga hewa, hewa ikanyamaza. Hadi siku mzungu aliposogeza mjeledi wake karibu na kioo, nikaona kwamba kwenye ncha kuna kishungi cha uzi. Kumbe kinacholia ni hicho. Cha kwako kilikuwa kimelika chote, nami nilikuwa nagombana na bubu. Nikafumua nyuzi za gunia la mbolea, nikasokota, nikafunga. Alieleza pia kwamba mlio unatoka kwa sababu ncha ile inakimbia kuliko sauti yenyewe. Nikajiuliza nani alikimbia nayo akaipima.

Lakini siri aliyoirudia kila mara ilikuwa moja. Alisema nguvu haiko begani, iko kwenye resti. Resti naijua. Nikiwa kijana nilichuma chai kwenye shamba kubwa la watu, na msimamizi akitamka resti, sote chini, mapumziko. Basi nikatii. Nikarusha, nikapumzika. Nikarusha, nikakaa kwenye kigoda, nikanywa uji kidogo, nikasimama tena. Bochaberi akasema tangu anioe, kama ni mimi niliyemwoa, hajawahi kuona somo linaloniingia haraka namna hiyo.

Hata asubuhi moja ya umande nikatoka kwenye mapumziko yangu mazuri, nikarusha bila hasira. Paa. Nyasani, mlio ule ulivuka bonde ukarudi. Mimi mwenyewe niligeuka kutazama ni nani. Jirani yetu mwalimu Masese alikuwa anachuma chai yake upande wa pili wa ua. Alilala kifudifudi kati ya mistari, na akiwa huko huko chini akampigia simu naibu wa chifu kwamba kuna bunduki. Naibu wa chifu akaja mbio, akaikuta bunduki imevaa miwani ya Bochaberi. Akakohoa, akatazama huku na huku, akaomba kujaribu. Sasa naye ana sikio kama langu.

Lakini furaha yangu haikuwa hiyo. Furaha ni kwamba kule juu kwako, walionipa habari walisema mlio ule ulipofika, Diwani na Karani waliacha majani, wakaja wakasimama bega kwa bega mlangoni mwa zizi kama watu walioitwa majina. Sikula chakula cha mchana siku hiyo. Nilizunguka boma nikicheka peke yangu.

Siku ya kulima, Ratemo alikuja amekunja mikono. Mwenye bucha naye akaja na kamba, akasema anapita tu. Vijana walitoa simu zao wanipige picha nikiaibika. Nikawafunga maksai nira, nikasimama nyuma ya plau, nikapasua. Paa. Hawakuondoka. Ratemo akaguna. Vijana wakaniambia niongeze, nipige kelele, niwachape, mzee vipi. Lakini mimi ni mwanafunzi mtiifu, na baada ya paa ni resti. Nikashusha mjeledi, nikaegemea mpini wa plau, nikamuuliza mwenye bucha hali ya watoto wake. Kabla hajanijibu nikahisi mpini unanitoroka. Karani alikuwa ameinamisha kichwa. Diwani akamtazama, akainamisha chake, nira ikakaa sawa, wakaondoka pamoja, taratibu, kama wazee wa kanisa wanaopeleka sadaka mbele. Udongo ukageuka. Niliwakimbilia na gumboti moja, nyingine ikabaki kwenye tope.

Hapo ndipo nilipokuelewa, mzee. Wewe ulikuwa ukipasua, kisha unatoa ugoro, unavuta, unapiga chafya, unatazama mawingu, na sisi tunacheka kwamba Nyasani ni mvivu hata shambani kwake. Kumbe ulikuwa unawapa nafasi ya kuelewana. Sisi wengine tuliweka kelele juu ya kelele, mmoja akivuta mwenzake hajawa tayari, nira ikiwapinda shingo. Nani asingegoma?

Jioni mwalimu Masese, ambaye hajausamehe umande ule, alikuja akamtazama mzungu wangu, akacheka hadi akashika ua. Akasema mzungu hasemi mapumziko hata kidogo. Anasema kifundo cha mkono, na kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanafanana kama mapacha. Nikamjibu kwamba maksai nao hawajui Kiingereza, na shamba limelimwa. Mwenye bucha alikuwa ameshaenda na kamba yake. Ratemo alitembea kwenye udongo uliogeuzwa mwanzo hadi mwisho, kisha akawaletea ng'ombe chumvi kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa lile neno. Mkwe, sogeza kiti. Na kama Linet yuko jikoni mwache huko huko, maana yeye ni dada wa Ratemo.

Nyasani, siku ile ya kwanza kamba ilikuwa tayari kwenye pembe za Karani. Nikamwambia Ratemo haiwezekani, kwamba baba yake alinikabidhi ng'ombe hawa kwa kinywa chake na kusema wasiuzwe mpaka arudi. Akaniuliza lini. Nikasema kule hospitalini, uliponishika mkono. Kunishika ulinishika, hiyo ni kweli. Lakini wewe na mimi tunajua kilichotoka kinywani mwako siku ile kilikuwa ni mate tu. Ratemo akanitaka niape. Nikaapa. Niliapa mbele ya Bochaberi, ambaye tangu hapo ananipakulia mboga kama anayempakulia mgeni asiyempenda.

Ningesema najuta, lakini uongo mmoja unatosha. Mtu akirudi nyumbani akiburuta mguu, lazima akute kitu kinachomjua bila kuelezwa. Sisi wengine tutakuonea huruma, na wewe huruma huiwezi. Diwani hana huruma. Atasimama akungoje, basi.

Tatizo ni moja, ndiyo maana nawahisha barua hii kwa basi la leo. Ratemo anakuja kukuona Jumapili. Amefurahi kupita kiasi, anataka kukusifu kwa hekima yako, na amesema atakuuliza mwenyewe kama ni kweli ulinikabidhi. Mimi sitakuwepo kukukonyeza. Linet ameniambia daktari anataka uanze kwa maneno mafupi mafupi. Basi fikiria kama mgonjwa mwenye akili. Ukikana, atataka maelezo, na maelezo ni marefu, yatakurudisha hospitali. Lakini "ee" ni fupi, hata ulimi neno hilo haliuhitaji, pumzi tu inatosha. Jizoeze na mkwe kuanzia leo. Nanyi nyote wawili, barua hii iishie jikoni, ndani ya moto, chini ya sufuria.

Bochaberi anakusalimu, anasema anakuombea, mimi hajaamua. Msalimie Linet, na mkwe namshukuru kwa kazi ya macho. Upone, mzee, chumvi wakupe.

Ni mimi rafiki yako,
Anyona,
mwendeshaji wa maksai wako, kwa idhini utakayonipa Jumapili.