Marahaba Niliyompa Kaka

Mikumi, getini

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hapo Kidete ulipo, maana mama yako Roda alikulea vizuri. Hujambo? Bibi yako Debora anakula? Mimi mzima, bado nalinda geti la nyumba ya wageni peke yangu, na tembo wa huku wananijua kwa jina.

Sasa sikia. Siku ile mchana simu ilipolia, nikasikia sauti ya kaka yangu Stefano, babu yako tuliyemzika. Kikohozi kilekile kabla ya kusema. Halafu akasema, "Shikamoo, Yeremia."

Elia, mimi nimemwamkia kaka tangu nilipojua kusema. Yeye hakuwahi kuniamkia hata siku moja. Na mdomo wangu huu, kwa woga, ukajibu, "Marahaba."

Ukaja wewe kwenye simu unacheka. "Babu, umeingia mkenge! Ni kompyuta hiyo, nimeilisha sauti zake za kwenye simu. Ndiyo kazi yangu ya kumalizia chuo!" Nikakata. Mpishi wetu Mama Tumu akauliza, "Vipi mzee, umeona simba?" Nikamwambia simba ningemuuliza amekula nini.

Lakini tangu hapo chakula hakipiti. Mtu akikohoa nyuma ya ukuta nageuka. Nimepokea heshima ya mkubwa wangu, naye yuko chini, hawezi hata kunikemea. Ndiyo maana naandika. Simu siiamini tena, ila mwandiko huu hakuna mashine inayouweza. Darasa la pili la zamani lilikuwa darasa.

Kosa nimeliona. Uliifundisha adabu yako wewe, kijana unayeamkia kila mzee, ukaivika sauti ya mtu aliyekuwa akiamkiwa na kijiji kizima. Mashine haijui nani mkubwa. Wewe unajua.

Hilo langu ningemeza. La bibi yako simezi. Roda amenipigia analia, anasema bibi anashinda na simu uliyomwekea hiyo sauti ya kaka. Anauliza, "Baba Roda, unakuja lini?" Inajibu, "Nakuja, Mama Roda." Sasa treni ikipiga honi anajifunga kanga mpya anakwenda stesheni kumpokea. Najua ulitaka kumfariji, roho yako si mbaya. Lakini kaka hakuulizwa, na bibi anamngoja kwelikweli.

Na nasikia watu wa Kilosa mjini wameanza kukuletea sauti za marehemu wao. Usipokee. Umesoma kuliko ukoo wote, nakutangaza hapa mpaka wageni wamechoka, na nataka niendelee kutangaza. Usitengeneze kitu ambacho huwezi kumweleza mwenyewe usoni jinsi ulivyokifanya. Walimu wakikunyima maksi, njoo, geti lina nafasi.

Ila hiyo ya bibi usiizime kwa kujificha, ukamwacha adhani mumewe amemnunia. Keti naye jikoni, umweleze yote, azime kwa mkono wake. Akikataa, rudi kesho uketi tena hapo kwenye kigoda.

Nisalimie mama yako, na mchungaji aliyemzika kaka, na shangazi yako wa cherehani, mwambie suruali aliyonishonea tembo wameisifu.

Ni mimi babu yako mdogo,
Yeremia, mlinzi mkuu

Nilisahau. Kabla bibi hajaizima, isogelee, useme kwa niaba yangu, "Shikamoo, kaka." Usingoje ijibu.