Kopo la Kuamsha Tezi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie popote mlipoegesha hilo gari lenu la matangazo. Natumaini u mzima, na koo lako bado linahimili zile kelele. Mimi sijambo, ila usingizi umenihama tangu mtoto aanze kuota meno. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba yeye, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke. Ningekupigia, lakini simu zangu hupokei, na sababu unaijua. Shemeji yako anakusalimu. Amesema nisikutukane. Nimemwambia nitajitahidi.

Mwezi uliopita nilikuwa naanua nguo, gari lenu likapita mtaani kwetu. Nikasikia sauti yako, tamu kama kawaida, ukiwatangazia watu kwamba dada yako wa tumbo moja alijifungua akabaki hoi, shingo imevimba, nywele zinamtoka, hawezi hata kunyanyua mwiko, na kwamba vijiko viwili vya unga wa Amsha Tezi ndivyo vilivyomwinua kitandani. Nilisimama na nepi mkononi kama mwizi aliyemulikwa tochi. Jirani yangu muuza mkaa akaniuliza kama huyo dada anayesemwa namfahamu. Nikamjibu kwamba namfahamu sana, na kwamba huo unga hajauonja hata kwa ncha ya ulimi.

Mdogo wangu, wewe ndiye uliyenipeleka hospitali. Ulikaa nami kwenye benchi, umempakata mtoto. Ulimsikia nesi akinieleza kwamba tezi ya shingoni ndiyo inayoupa mwili mwendo, na kwamba chini ya ubongo kuna nyingine, ndogo kama njegere, inayoituma kazi. Ile ya shingoni ikizembea, hii ya kichwani hupaza sauti, kama mama anayemwita mtoto mkaidi: asipoitika, huita kwa nguvu zaidi. Wakapima damu yangu wakakuta kelele tele, kazi hakuna. Ukacheka, ukasema ofisi za namna hiyo unazijua nyingi. Nikapewa vidonge, ambavyo ni homoni ileile niliyopungukiwa, na mpaka leo nameza kila asubuhi kwa maji matupu kabla ya chai. Haya, unga uliingia saa ngapi?

Na huyo bosi wenu mnayemwita Profesa, nilimwona sokoni na koti lake jeupe. Koti jeupe hata muuza nyama analo, tena yeye walau anajua ini liko wapi. Profesa wenu alishika mchoro wa mwili, akaonyesha figo akaiita kongosho, na watu wakapiga makofi. Eti unga mmoja unaamsha tezi ya shingo, unatuliza zilizo juu ya figo, unazindua kongosho na kurudisha ujana. Nguo inayomwenea kila mtu ni shuka tu, mdogo wangu, na shuka haina mshono. Mtoto wangu akilia chumba cha pili, maziwa yananilowesha kifua kabla sijaweka sufuria chini. Tezi imesikia, imetuma, kazi imekwisha. Haikuniomba ruhusa mimi, sembuse kungoja gari lenye honi.

Ningeishia hapo, maana dharau ninayo ya kukugawia na nyingine nikabaki nayo. Lakini kuna neno zito zaidi. Vuta kiti ukae.

Mama alianguka. Alikutwa sakafuni jikoni kwake, midomo imekauka, pumzi inanuka kama matunda yaliyovunda, hata jina langu halijui. Daktari akasema sukari imepanda kupita kiasi kwa sababu ameacha insulini. Akasema kongosho lake halitoi tena ya kumtosha, sindano ndiyo inayoziba pengo, na hakuna unga wa kuliamsha. Nikabisha. Nikasema mama yangu hajawahi kuruka sindano. Halafu nikaenda kumchukulia nguo, nikakuta makopo yenu chini ya kitanda, yameoshwa na kupangwa mstari.

Fundi cherehani, yule jirani yake, ndiye aliyenieleza, huku machozi yakimtoka. Mama alikuwa akimtuma yeye kununua kwako, na kumwapiza asimtaje, ili Profesa aone kuwa mwanawe anauza na asimfukuze. Mwanzoni alikuwa hanywi, ananunua tu na kuficha. Kisha gari lenu likapita mtaani kwake, wala hukushuka kumwamkia, na akasikia jinsi dada yako alivyopona. Nilipougua sikumweleza mengi, sikutaka kumtia hofu. Basi akamwambia fundi kwamba mwanawe ana maneno mengi, tangu utoto anayo, lakini juu ya dada yake hawezi kusema uongo. Akaweka sindano pembeni, akachukua kijiko.

Sasa ameruhusiwa, yuko kwangu, amelala hapa ubavuni. Amenikataza nisikuandikie. Ameniambia pia kwamba nikikuandikia, nikuulize kama unakula vizuri.

Njoo. Lakini kabla hujaja, pita kila mtaa mliopita, kwa kipaza sauti hichohicho, useme kwamba dada yako anameza vidonge vya hospitali, na kwamba aliyeacha dawa zake kwa ajili yako azirudie leo. Profesa akikufukuza, mshukuru. Usije na kopo. Ukifika utajifunza kumchoma mama sindano mpaka apate nguvu ya kujichoma mwenyewe, maana mkono wangu mmoja una mtoto na wa pili umechoka. Nesi anasema si kazi ngumu: inataka mkono uliotulia na mdomo uliofungwa.

Mpwa wako anakusalimu kwa kilio. Wasalimie huko wote ambao bado wanaitikia salamu yako.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
yule wa kwenye tangazo.